Mkia wa Zamu ya Justa

Shamba la Justa halionekani kutoka barabarani. Ukitoka Same mjini kuelekea upande wa Vudee, kabla barabara haijaanza kupanda mlima, kuna njia ya ng'ombe inayokatisha kwenye vichaka. Ukiifuata hadi mwisho unakuta kipande cha ardhi ya kijani kilichozungushiwa matawi ya miiba, na pande zote ni vumbi jekundu. Mara ya kwanza nilifika pale kwa sababu mtu sokoni aliniambia kuna mama ana nyanya wakati wengine hawana. Mimi nanunua mboga mashambani na kuziuza mjini, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta.

Nilimkuta ameinama, anatandaza majani makavu kwenye udongo. Alikuwa mama wa makamo anayekwenda uzeeni, mrefu, nyonga moja imekwisha kwa kuinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kuniambia soko limeshuka, geuza pikipiki yako hapo hapo, usinikanyagie shamba."

Soko lilikuwa limeshuka kweli, lakini sikumwambia. Nikanunua kwa bei yake, na tangu siku hiyo nimekuwa nikinunua kwake. Akinitania ananiita tajiri.

Justa alizaliwa juu, Vudee, ambako migomba inaota hadi kwenye uchochoro wa choo na asubuhi ukungu unaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Kule mtu hupanda, akapalilia, akangoja. Maji si habari. Aliolewa na Aminieli, kijana wa huku chini aliyekuwa amekata mkonge miaka mingi na kurudi nyumbani akiwa na mikono yenye makovu na hamu ya kulima chake mwenyewe. Aminieli alipewa na ukoo wake kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka, akamshusha mkewe mlimani.

Masika ya kwanza, Justa aliliogopa jua. Alipanda maharage, akawa anayamwagia kila jioni kidogo kidogo, kama anavyoogeshwa mtoto. Yakaota vizuri, yakapendeza. Kisha mvua ikakata juma moja tu, na yote yakalala chini. Aminieli aling'oa mche mmoja akamwonyesha mzizi. Ulikuwa mfupi kama ncha ya kidole, umekaa juu juu unangoja kuletewa.

"Umeyafundisha kuombaomba," Aminieli akamwambia.

Justa alinisimulia hayo bila kucheka. Alisema alikaa na ule mche mkononi mpaka ukakauka. Tangu hapo aliacha kulima kama mtu wa mlimani.

Kazi yake huanza mvua ikiwa bado mbali. Hainui matuta, kwa sababu tuta lililoinuliwa huku chini hukauka kama mkate. Anachimba majaruba, vipande vya shamba vilivyodidimia na kuwekewa kingo, kila kimoja na ukubwa wa mkeka. Anachanganya samadi nyingi, kisha anayajaza maji kabla hajatia mbegu hata moja. Ardhi inakunywa mpaka chini. Anaiacha mpaka udongo wa juu uache kunata kwenye unyayo, ndipo anapanda, na akishapanda anafunika kwa majani makavu na mabua ya mahindi. Baada ya hapo anaiacha mimea ipate kiu, izamishe mizizi kuyafuata maji yalikojificha.

"Saa sita mchana kila jani linalegea," aliniambia siku moja nilipomshauri anyweshe bilinganya zilizoinamisha vichwa. "Hiyo si kiu, linajikinga jua kama wewe unavyojifunika kofia. Njoo alfajiri. Jani likiwa limelegea alfajiri, hilo ndilo linaniita."

Maji yenyewe yanatoka kwenye ndiva. Hilo ni bwawa walilochimba wazee wa Kipare mlimani zamani mno, linakusanya maji ya kijito usiku kucha. Tundu lake linazibwa kwa kipande cha mgomba na udongo. Asubuhi linazibuliwa, maji yanashuka kwenye mfereji, na kila kaya ina zamu yake. Zamu ya Justa huanza maji yakifika kwenye mlango wa shamba lake na kwisha kivuli cha nguzo ya umeme kikigusa mfereji. Msimamizi wa maji ni mzee Melkizedeki, mtu mkavu, mwenye sauti ndogo, ambaye sijawahi kumsikia akirudia neno.

Sasa, kwenye mfereji ule hakuna mtu anayefunga maji kabla ya zamu yake kwisha. Hata kama shamba limejaa na kuku wanakimbilia juu ya kuni, unayaacha yaingie. Ukifunga mapema umetangaza mbele ya watu kwamba zamu yako ni kubwa kuliko haja yako. Kwa hiyo watu wanajaza, udongo unaoza, magadi yanapanda juu meupe kama unga, na wanalaumu mbegu za dukani.

Justa peke yake alikuwa anafunga. Maji yakifika jaruba la mwisho, anachukua koleo, anaziba mlango wake. Hakufanya hivyo kwa wema, tuelewane. Alifunga kwa sababu maji ya ziada yangemharibia ardhi. Yale yaliyobaki aliyageuzia kwenye kijifereji alichochimba mwenyewe, kinachoteremka mpaka kwa Nashipae.

Nashipae ni Mmasai, boma lake liko chini ya shamba la Justa, pale tambarare inapoanza. Kiangazi mume wake, Loserian, huhama na ng'ombe wakubwa hadi upande wa Ziwa Jipe, naye hubaki na ndama, mbuzi na watoto. Maji ya Justa yalinywesha ndama, na yaliyosalia yalikuwa yanaingia kwenye kijaruba cha mchicha ambacho Nashipae alikichimba kwa kuona haya, nyuma ya boma, ndugu wa mume wasione. Naye alimpa Justa samadi, mizigo kwa mizigo, juu ya punda. Huo ulikuwa mpango wao, na mimi niliuona kuwa mpango mzuri, ila nilimwonya.

"Mama Tumainieli, mnayofanya na Nashipae mnayafanya hadharani mno."

"Maji yanatembea juu ya ardhi, tajiri. Nitayafunika kwa kanga?"

Nikafunga matenga yangu, nikaondoka.

Aminieli alikufa kabla ya vuli, kifua kilimsumbua tangu enzi za mkonge. Watoto wa Justa walikuja kuzika, wakakaa, wakarudi mijini kwenye kazi zao. Tumainieli, mkubwa, alimtaka mama yake aende Arusha. Justa alimwuliza huko atapanda wapi.

Siku chache baada ya matanga, pembe ikapigwa mlimani. Sisi Wapare tuna desturi ya msaragambo: pembe ikilia, kila kaya inatoa mtu na jembe kwenda kufanya kazi ya wote. Siku ile ilikuwa kuzoa tope ndani ya ndiva. Asiyechimba hapati maji, hilo halina mjadala. Justa aliinuka kutafuta jembe. Gideoni, mdogo wake marehemu, ambaye shamba lake linapakana na la Justa ubavuni na kuteremka hadi tambarare, akamwahi mlangoni.

"Shemeji, na nyonga hiyo? Kaa. Nitakuchimbia mimi."

"Una kaya yako, shemeji."

"Kijana wangu atachimbia kaya yangu. Mimi nachimbia kwa kaka."

Justa akamshukuru, jioni akampelekea bakuli la ngwara, jamii ya maharage, zilizoungwa kwa nazi. Pembe ikalia tena masika, ikalia na vuli iliyofuata, na kila mara Gideoni alikwenda. Watu walimsifu kanisani. Mimi nilimwuliza Justa mara moja tu wamepatana nini na shemeji yake. Akasema ndugu hawapatani, ndugu wanasaidiana. Kazi isiyotajiwa bei mimi huiogopa kuliko kazi ya ghali, lakini haikuwa nyumba yangu.

Mwaka huu masika yalichelewa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya milima kila alasiri, yanatazama huku chini, yanarudi zao. Ndiva ilikuwa haijai. Asubuhi ikizibuliwa, maji yalishuka membamba, na watu wa mwisho wa mfereji wakaanza kupanda na mapanga kulinda zamu zao. Gideoni alikuwa amelima vitunguu eneo kubwa, kubwa kuliko maji yake, akitegemea mvua. Ndipo nikaanza kusikia maneno kwenye mfereji. Gideoni hasemi tena zamu ya shemeji. Anasema zamu ya kaka yangu.

Justa alikuwa ameshachimba majaruba yote na kutia samadi. Alikuwa anangoja zamu mbili za kuyajaza ili apande. Melkizedeki akamtumia ujumbe: kuna msaragambo katikati ya juma, kwa sababu Jumamosi Wasabato wanasali na Jumapili Walutheri wanasali, na baada ya kazi suala la zamu ya marehemu Aminieli litazungumzwa pale pale ndivani. Na desturi ya ndiva ni kwamba anayesema ni yule mwenye tope. Kama hukuchimba siku hiyo, unasikiliza.

"Basi nitachimba," Justa akasema.

Nilimpandisha kwa pikipiki asubuhi na mapema. Tulipofika kwenye kona ya mwisho tulimkuta Nashipae anatembea kwa miguu, shuka zake amezifunga kiunoni, jembe begani. Jembe lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini.

"Unakwenda wapi na hilo?" Justa akamwuliza.

"Ninakokwenda wewe, yeyo. Maji yako ndiyo maji yangu." Yeyo kwao ni mama.

Justa alilitazama lile jembe. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akaniambia tuendelee.

Ndivani walikuwepo watu wengi, magoti yamezama. Mimi, mtu asiye na jembe, nikabaki kwenye pikipiki. Nashipae alipoingia topeni vicheko vikapaa.

"Leo Wamasai wanalima! Mvua itanyesha ya mawe!"

"Mama, hilo jembe unalishika kama fimbo, ng'ombe hayupo humo!"

Nashipae hakuacha kuchimba. "Maziwa yangu mnakunywa kila siku, na kukamua hamjui. Nimewahi kuwacheka?"

Aliyeanza kicheko alikuwa mteja wake, akainama akaendelea na kazi. Lakini kwa watu wa Nashipae, kuchimba ardhi ni jambo la kuona haya, na alikuwa amelifanya mchana, mbele ya watu. Nilimwona akifuta uso kwa mkono wenye tope mara nyingi kuliko jasho lilivyohitaji.

Justa hakuweza kusimama topeni. Alikaa kwenye ukingo, miguu imeshuka ndani, akawa anazoa tope kwa mikono na kulitia kwenye makarai, na vijana wanayabeba. Hakupumzika mpaka Melkizedeki alipoinua mkono.

Watu wakakaa walipokuwa. Melkizedeki alibaki amesimama.

"Tangu Aminieli alale, jembe la kaya yake limeshikwa na nani?"

"Gideoni," watu wakajibu.

"Gideoni, sema."

Gideoni ni mtu wa maneno laini. Alivua kofia. "Mimi simnyang'anyi shemeji. Zamu ni ya ukoo, mkono uliochimba ni wangu, kila mtu ameona. Yeye atakula kwangu. Mboga hatakosa."

"Mboga nitapewa na wewe?" Justa akasema kutoka kwenye ukingo. "Mkeo juzi alinunua mchicha kwangu kwa mkopo."

Watu wakacheka, na Gideoni akacheka nao, kisha akaweka kofia kichwani. "Sawa, shemeji. Lakini waambie na hili. Unafunga maji kabla ya zamu kwisha. Yanayobaki unayapeleka kwa ndama wa Loserian. Mimi vitunguu vinakauka, maji ya babu zetu yananyweshwa mifugo."

Kicheko kikakatika. Hilo ndilo lililowachoma.

"Justa," Melkizedeki akauliza, "unafunga?"

"Nafunga."

"Kwa nini?"

"Ardhi ikishiba, nafunga."

"Basi kuanzia hapo maji si yako. Si ya kumpa mtu."

Nashipae akasimama. "Na mimi nimechimba leo. Aliyechimba si anapata?"

"Umechimba leo," Melkizedeki akamjibu, bila ukali. "Gideoni amechimba tangu msiba."

Kisha akamgeukia Justa na kumwekea jambo lilivyo. Akisema anaihitaji zamu nzima, basi swali ni nani aliyeichimbia, na aliyeichimbia anajulikana. Akisema haihitaji nzima, basi kikao ndicho kitakachoigawa, naye atachukua atakachopewa.

Nimekaa kwenye biashara muda mrefu, najua mtu anapokuwa amebanwa pande mbili. Justa aliangalia mikono yake. Tope lilikuwa limeanza kukauka na kupasuka kwenye vifundo. Huko chini majaruba yake yalikuwa wazi, na mbegu ziko kwenye kibuyu zinangoja. Akikosa maji juma lile, hakuna kupanda, na asipopanda masika hana chakula wala cha kuniuzia, na njia itakayobaki ni ya Arusha, akakae kwenye chumba cha mwanawe.

"Gideoni," akasema, "kuchimba ulikonichimbia, unataka ulipwe nini? Sema mbele ya watu."

"Ah, shemeji. Sikuchimba kwa malipo."

"Kama hukuchimba kwa malipo," Melkizedeki akasema polepole, "unadai nini?"

Gideoni akageuka kumtazama mzee, akamtazama Justa. Nikamwona anaelewa. Akisema alisaidia bure, hana dai. Akitaja malipo, yakishalipwa dai limekwisha.

"Kuchimba kuna jasho," akasema mwishoni.

"Kuna jasho. Basi mimi nalipa," Justa akasema. "Maji yakifika jaruba langu la mwisho nafunga. Kutoka hapo mpaka kivuli cha nguzo ni mkia wa zamu. Chukua mkia, wewe na watoto wako, leo na siku zote. Kichwa ni changu. Si cha Aminieli, si cha ukoo, changu mimi Justa. Na pembe ikilia nitakuja mwenyewe, kama nilivyokuja leo."

"Na jaruba lako la mwisho likihama kila mwaka kwenda mbele?" mtu akauliza kutoka nyuma, wakacheka kidogo.

"Wekeni jiwe."

Gideoni hakuwa mjinga. Alijua akiendelea kuvutana anaweza kukosa vyote, na mkia ulitosha nusu ya vitunguu vyake. Alivuka tope akampa mkono shemeji yake. Walishikana mikono yote ikiwa na tope, Melkizedeki akasema imekwisha, na watu wakaanza kuosha majembe.

Katikati ya ndiva, Nashipae alikuwa bado amesimama pale pale. Hakuna aliyemwuliza kitu. Ule mkia ndio uliokuwa maji yake, na Justa aliutoa bila kumtazama.

Kuhusu mapatano hayo sina la kupunguza. Kama ningekuwa mimi, nisingepata bei nzuri kuliko ile. Lakini nimenunua na kuuza vya kutosha kutambua mtu anapolipa kwa mzigo ambao si wake wote.

Tukiwa tunashuka tulimpita Nashipae barabarani. Nikapunguza mwendo, nikamwambia apande, tutabanana. Akatikisa kichwa. Tulipofika nyumbani Justa alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa maji kuona kama umeziba vizuri.

Zamu mbili zilizofuata alijaza majaruba. Aliingoja ardhi, akapanda mahindi machache, ngwara, nyanya, bilinganya, akafunika kwa majani. Mvua ilikuja imechelewa na ilikuja kidogo, lakini samadi ya Nashipae ilikuwa tayari ndani ya udongo, ikashika unyevu kama sponji. Alfajiri majani yalikuwa yamesimama. Jiwe lilikuwa limewekwa kwenye ukingo wa jaruba la mwisho, na maji yakifika hapo Gideoni mwenyewe alikuja kuziba mlango na kuyageuzia kwake, na hawakuwa na ugomvi.

Kule chini mchicha wa Nashipae ulikauka ukawa kama tumbaku. Ndama aliwapeleka kwenye mbauti ya mbali, mahali pa kunyweshea mifugo, wakitoka asubuhi na kurudi jioni, na mmoja alibaki njiani. Kwa Justa hakuja tena. Maziwa alimtuma mtoto, akayaweka kwenye mlango wa miiba, akaondoka.

Baadaye, nyanya zikiwa zimeanza kuiva, nilikuwa napanga matenga yangu Justa aliponyanyua kichwa. Punda walikuwa wanapita nje ya uzio, wamebeba samadi, Nashipae nyuma yao. Hawakukata kona ya kuingia kwa Justa. Walikwenda hadi kwa Gideoni.

"Tajiri," Justa akasema, "nipeleke bomani kwa yule mwanamke."

"Nyanya zangu ziko juani."

"Zifunike."

Nashipae alikuwa amerudi, anafunga mlango wa zizi. Justa aliteremka kwa taabu, akamwamkia kwa Kimasai. "Takwenya."

"Iko," Nashipae akajibu, na akatuletea vigoda na chai yenye maziwa mengi, kwa sababu mgeni ni mgeni. Tukanywa.

"Ungeniambia njiani," Nashipae akasema hatimaye. "Ungesema, Nashipae, nikibanwa nitakutoa. Ningejua ninachimbia nini."

"Sikujua kama nitabanwa hapo."

"Ulijua, yeyo. Ulifungua mdomo ukaufunga. Nilikuona."

Justa alizungusha kikombe mkononi. "Nilijua."

"Na ingekuwa leo?"

"Ningefanya vile vile."

Nashipae akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa ameshalijua. Hakukasirika. Akaniongezea chai.

"Samadi nimepatana na Gideoni mpaka masika yajayo," akasema. "Siwezi kukupa."

"Sikuja kuomba ya bure."

"Hata ya kununua. Yote ni yake. Ndiyo bei aliyotaka, nami nilihitaji maji."

"Anakupa maji ya kutosha?"

"Anafunga anafungua kama mtoto anayecheza na mlango. Yakinifikia ni ya kulowesha kwato tu."

Justa akasimama, akaenda mpaka ukingoni mwa boma, akatazama mfereji mpya ulioteremka kutoka kwa Gideoni. Akarudi. "Ule mfereji ni mpana kama barabara. Maji yanatandaa, jua linayanywa kabla hayajafika. Unatakiwa uwe mwembamba, wenye kina. Na asikuletee mchana. Mwambie."

"Mwambie wewe. Ni shemeji yako."

Tuliporudi akanisimamisha kwa Gideoni. Gideoni alikuwa uwanjani anakula. Alimkaribisha chakula, Justa akakataa, akaomba jembe.

"La nini, shemeji?"

"Mfereji wako wa kwenda kwa Nashipae unapoteza maji. Nataka kuubana."

"Sasa umekuja kunifundisha na mkia wangu?"

"Maji ni yako. Yanayopotea ni ya nani?"

Gideoni akaonyesha kwa kidole jembe lilipoegemea, akaendelea kula. Justa akalichukua, akaenda mwanzoni mwa mfereji, akaanza kuchimba katikati na kutupia udongo pembeni, hatua ndogo ndogo, ule mguu mbovu akiuburuza.

Nikamfuata. Nikamwuliza kwa nini anamfanyia kazi mtu ambaye amekwisha kumalizana naye, na mwingine ambaye amemnyima samadi.

"Ndama wakikosa maji hakuna samadi kwa yeyote," akasema. "Masika yajayo lazima nipatane naye tena. Nitapatana na nani kama amehama?"

Akachimba kidogo, akasimama kupumua. "Mwaka kesho nitapanda majaruba ya juu tu. Ya chini nitayaacha. Ardhi bila samadi haishiki maji, na maji niliyonayo ndiyo hayo. Nyanya zako zitapungua, utafute na kwa wengine."

"Wengine hawana."

"Basi utanunua chache."

Jua lilikuwa limepanda na nyanya zangu zilikuwa zinapikika kwenye matenga. Niligeuza pikipiki. Alikuwa amefika kwenye uzio wa miiba unaotenganisha shamba la Gideoni na tambarare, na huko ng'ambo Nashipae alikuwa amesimama na lile jembe lake, bado hajaamua kama ataanza kuchimba kutoka upande wake.